Mtama Uliosimama Majini

Majimbo, Embu
12 Mei 2024

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Gachoka? Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, Mungu asifiwe.

Kaka Kathuri aliniambia mafuriko ya mto yaliozesha mtama wake wote, na wako, ng'ambo ya mtaro tu, ukasimama. Huku maabarani tunachunguza jambo hilo. Mzizi ukizama hukosa hewa. Kuna mimea ambayo jeni zake huamka wakati huo, zikaufanya mmea utulie na kula akiba yake ya sukari polepole mpaka maji yapungue. Naomba kikombe kimoja cha mbegu.

Binti yako,
Mukami

Gachoka
20 Mei

Mwanangu,

Habari za kazi? Goti ni lile lile. Mbegu hizo hapo. Lakini tangu uende mjini hujawahi kuuliza habari za mtama. Nani anauliza kwa mdomo wako?

Mama yako

Majimbo
9 Juni

Mama,

Natumaini u mzima. Nimeotesha zile mbegu mara mbili. Haikuota hata moja. Bosi wangu, Bwana Gitari, anadai nimezibadilisha. Ananitazama kama mwizi wa kuku. Ulizihifadhi vipi?

Binti yako

Gachoka
16 Juni

Mukami,

Pole kwa lawama. Nilizichemsha. Mama mkwe alinifunza hivyo: mbegu ya nyumba haitoki kwenda kwa mgeni kabla mwenye nyumba hajapanda. Akikulazimisha, mpe iliyopita maji moto. Ataipika, hataipanda.

Wiki moja kabla ya barua yako ya kwanza, mtu alishuka kwenye gari, akang'oa mtama wangu na mizizi yake bila kupiga hodi. Nilimwuliza, "Wewe ni ng'ombe wa nani?" Akasema yeye ni Gitari, na kwamba wewe ndiwe uliyemtuma. Ulimtuma?

Mama yako

Majimbo
23 Juni

Mama,

U hali gani? Sikumtuma. Mbele yangu alijifanya hajui hata Gachoka iko wapi.

Juzi nilimwuliza mbegu hiyo itaandikishwa kwa jina la nani. Akacheka: "Mukami, mtama wa mtoni una mwenyewe?"

Jumatatu, tarehe 1 Julai, ananileta nyumbani. Yeye atabaki garini, mimi niingie kwako kuomba masuke. Nikikataa, sina kazi. Kwa hiyo nitaomba kwa adabu zote, na huenda nikalia.

Ninyime.

Binti yako