Shosho wa Kamenu Hajawahi Kumshinda Mtu

Jumapili, saa kumi jioni. Manyunyu ya Julai hayajakatika tangu tutoke kanisani, nguo nilizofua jana bado zinadondoka maji kwenye kamba, na mimi nimejifunika blanketi hapa Kamenu nikiwa na kinyaa ambacho hata chai ya tangawizi imeshindwa kukitoa.

Nimetafuta neno lingine nikakosa. Ingekuwa hasira, ningejua la kuifanya. Hiki ni kinyaa, kile cha kuuma tunda tamu kisha ukaona nusu ya mdudu.

Nieleze kwanza, kwa sababu najua kuna mtu atasoma hapa aseme ni gemu tu. Hayo maneno nimeambiwa jana mpaka yakanitoka masikioni. Anayetaka kuyarudia ayarudie mbali na mimi.

Kazi yangu ni kukagua mashati katika kiwanda kimoja cha nguo pale Ruiru. Nasimama kwenye meza ndefu, shati linafika mbele yangu, nikiona mshono umeruka nalirudisha. Wiki nzima nasema hapana. Jumamosi tukitoka kazini mchana, mimi huenda mtaa wa Kimbo kwa banda la Mburu, mahali watu hulipia kucheza gemu. Mburu amesoma na Njoroge. Na Njoroge ndiye mwanamume wangu, fundi wa madirisha ya alumini, ambaye watu wake walikuwa waje hapa nyumbani Jumamosi ijayo kwa ruracio, kuleta mahari. Mashangazi zangu wameshagawana nani atamenya viazi na nani atapanga viti. Mjomba ameshanyoa ndevu.

Njoroge ndiye aliyenipeleka kwa Mburu mara ya kwanza, mwaka jana, siku tuliyonyeshewa tukakosa pa kujikinga. Nikakaa kwenye benchi, nikapewa padi ya kubonyeza, nikaonyeshwa gemu ya ngumi. Ilinishika siku hiyo hiyo.

Gemu za mpira sizipendi. Kule ukifungwa unamlaumu beki, unamlaumu refa, unalaumu hata padi. Kwenye ngumi ni wewe na mwenzako, na hakuna wa kumsingizia. Ukitupa makonde ovyo pumzi zinaisha, mikono ya bondia wako inashuka yenyewe, na mwenzako anaiona ikishuka. Lazima usubiri. Lazima umsome: huyu kabla ya kurusha ya kulia huwa anarudi nyuma kidogo, huyu akiguswa tumbo anasahau uso. Halafu unampata, padi inatetemeka mkononi, jasho linamruka, na banda zima linasema aaah. Nilijitengenezea bondia wangu mwenyewe, mwanamke mfupi mnene mwenye nywele nyeupe pepepe, nikamwita Shosho wa Kamenu, kama tunavyowaita nyanya zetu. Jamaa walimpenda. Nikiingia tu walikuwa wanaimba, Shosho! Shosho!

Na Shosho alikuwa anashinda.

Si kila mara, walikuwa wajanja kuliko hivyo. Lakini mara nyingi, na hasa raundi ya mwisho, nikiwa nimechoka, Shosho akiwa karibu kuanguka. Nilikuwa natoka pale nimejaa fahari. Jumatatu nasimama kwenye meza yangu ya mashati nikiwaza jinsi nilivyomlaza Mburu kwa kona ya ulingo. Niliwahi kumwambia mama kwamba nimegundua kitu ninachokiweza. Nikikumbuka nilivyomwambia, nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, nikirusha ngumi hewani, natamani kujificha chini ya kitanda.

Jana nilifika Njoroge hayupo. Alikuwa na kazi ya madirisha Gitothua, akasema atanikuta kwa Mburu. Nikakaa kumngoja. Akaingia kijana mmoja mrefu anaitwa Wekesa, ametoka Bungoma, amehamia ploti ya nyuma ya banda na anafanya shifti kiwanda cha pili kutoka chetu. Hakunijua na sikumjua. Akauliza nani anacheza, nikasema mimi.

Alinipiga, jamani.

Sekunde za kwanza nilidhani padi imeharibika. Kila mlango niliozoea kuingilia ulikuwa umefungwa. Nikirusha, hayupo. Nikikinga uso, anachukua mbavu. Nikishusha mikono kukinga mbavu, anarudi kichwani. Moyo ulinidunda mpaka nikausikia kooni. Viganja viliteleza kwa jasho. Mimi, mtu mzima mwenye kitambulisho, nilipiga kelele. Halafu konde moja kutoka chini, Shosho akaenda chali, refa akaanza kuhesabu, nami nikibonyeza na kubonyeza nimwinue na magoti yake yakikataa.

Na nitaandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikiwa nimelala kwenye ile turubai ya gemu, nikihesabiwa, sijawahi kufurahia kitu kama kile tangu nianze kucheza. Kulikuwa na mtu upande wa pili. Alitaka nianguke, na mimi nilitaka nisianguke, na hicho ndicho kitu chote. Kumbe raha ya ile gemu ni huo woga. Nilikuwa sijawahi kuuonja.

Niligeuka nikicheka, nikitaka wanicheke. Banda lilikuwa kimya. Mtu anazimwa raundi ya kwanza na hakuna hata mmoja anayepiga kelele! Walikuwa wanaangalia sakafu. Kisha Mburu akamgeukia Wekesa.

"Wewe, kwani hukuambiwa? Huyo ni bibi ya Njoro. Huyo hatumpigi."

"Nani aliniambia?" Wekesa akasema. "Mimi nimekuja juzi. Kwani hapa mnacheza nini?"

"Si ungemwachia tu, bro. Ni gemu tu."

Niliweka padi kwenye benchi. Nilimuuliza Mburu ni tangu lini. Akajikuna kichwa, akasema Njoro aliwaomba tangu zile siku za kwanza, ati mimi hufanya kazi ngumu wiki nzima, wasiniharibie Jumamosi. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa sifa za rafiki yake. Na wale wengine wakaitikia kwa vichwa, eeh, Njoro anakupenda sana, Wairimu, ungejua.

Kwa hivyo zile nyimbo za Shosho, Shosho, zilikuwa za kumbembeleza mtoto. Wote walijua. Hata yule anayeuza soseji za smokie mlangoni alijua, maana alikuwa anatabasamu. Mimi ninayeona mshono ulioruka upande wa pili wa meza, sikuona banda zima likijiangusha mbele yangu kwa zamu. Kila nikifikiria uso wangu wa ushindi, ule ninaouweka nikirudisha padi kwa madaha, nachefuka. Waliutazama uso huo Jumamosi baada ya Jumamosi. Walikuwa wanautazama wakijua.

Njoroge alifika ana vumbi la alumini kwenye nywele. Akaona nyuso, akajua. Hakukataa, hilo namsifu.

"Nilitaka tu ufurahie, babe. Hiyo ni makosa?"

Nikamwambia akae chini, tucheze, na acheze kweli. Akaapa atacheza kweli. Tukacheza. Raundi ya kwanza alinisukuma mpaka kwenye kamba. Ya pili tulikuwa sawa. Ya tatu nilimwona akirudi nyuma kidogo, nikampiga ya kushoto, nikafuatisha ya kulia, bondia wake akaanguka na hakuinuka.

Akaweka padi chini. "Hiyo umenipiga kweli, Wairimu. Haki ya Mungu. Naapa kwa mama yangu."

Na pengine ni kweli. Pengine nilimpiga. Hapo ndipo kinyaa kiliponishika, kwa sababu niliuangalia uso wake, uso ninaoupenda, nikaona siwezi kujua. Ni uso ule ule wa siku zote. Anauweka nikimpikia, anauweka nikimwimbia gari likiwa limekwama kwenye foleni, anauweka nikimweleza nataka niache kiwanda nifungue duka la kushona. Kila mara ananiambia, poa sana babe. Je, duka ni wazo zuri? Je, mchuzi una chumvi? Ni nani nitakayeishi naye, na yeye hajawahi kuniambia hapana?

Nilichukua mkoba wangu nikaja nyumbani.

Leo baada ya ibada nimemwambia mama nataka ile ziara ya Jumamosi isimame kwanza. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua njugu za kuchanganya na mahindi ya githeri. Mikono ikaganda.

"Amekupiga?"

"Hapana, mama."

"Ako na mwingine?"

"Hapana."

"Haiya! Sasa ni nini?"

Nikamweleza. Nilijua inavyosikika. Mwanamke wa umri wangu anasimamisha ruracio, viti vimeshakodiwa, kwa sababu watu wamemwachia ashinde gemu ya ngumi huko Kimbo. Nilimaliza nikingoja anifukuze na ungo.

Aliuweka ungo chini. Sasa, mama yangu alikuwa mwimbaji. Kila harusi na kila mazishi ya mtaa huu, yeye ndiye alikuwa akianzisha wimbo, mbele ya watu wote, macho amefunga. Tangu tumzike baba hajaimba tena. Sisi wote tumekuwa tukisema ni majonzi, na tumekuwa tukimwacha nayo.

"Baba yako aliniambia niko na sauti kama ya malaika," akasema. "Kila siku. Hata akiwa hospitali. Tukamzika. Halafu shangazi yako akanitumia ile video ya mazishi kwa simu. Nikasikiza. Nikajiuliza, Ngai wangu, nani huyu anaharibu wimbo hivi? Nikatafuta huyo mtu kwa ile video, nikimtafuta ndio nimkasirikie. Alikuwa mimi."

Nilitaka kucheka na sikuweza.

"Wairimu, mimi niliimba miaka yote hiyo. Watu wakiniangalia. Na ningefunzwa, unajua? Hapo kanisani kulikuwa na mwalimu wa kwaya, hakuwa anaitisha kitu. Lakini nani aliniambia naharibu? Sasa baba yako ako chini ya udongo. Nitamuuliza nani?"

Akarudi kwa njugu zake. Alikuwa analia bila sauti, na mimi nikakaa chini kando yake tukachambua pamoja. Baada ya muda akasema viti vinaweza kurudishwa, na mashangazi atawapigia yeye mwenyewe. Akasema nimwandikie Njoroge leo leo, nisimfiche.

Nimeandika na kufuta mara nyingi. Mwishowe nikatuma hivi: Njoro, watu wenu wasikuje Jumamosi. Bado. Sijui kama nitakuwa tayari.

Nikaweka simu mezani na kujitayarisha. Nilijua atapiga. Atakuja na pikipiki kutoka Kimbo na hii mvua, agonge geti, aniambie mimi ni mjinga, nimeaibisha ukoo wake, ninavunja nyumba kwa sababu ya gemu. Nilikuwa nimepanga majibu yangu yote. Nilikuwa hata nimevaa viatu.

Jibu limeingia kabla chai haijapoa.

Sawa babe. Vile wewe unaona ni poa. Nitawaambia.

Nimelisoma mpaka taa ya simu ikazimika. Nilitaka anikatalie.