Konzi Moja ya Matobolwa

Shikamoo mama. Mjukuu wako Kabula akusomee kadi hii kwa sauti, na majirani wa mtaa wetu wa Ipuli wasikie.

Ule mfuko wa matobolwa ulionifungia kwa safari nilitaka kuuacha nyumbani, nawe ukakasirika: "Babu wa babu yenu alitembea miezi mitatu na pembe za ndovu begani. Pwani hakuendwi mikono mitupu." Nikaubeba, nikauficha chini ya kiti cha ndege kwa aibu.

Tulipopaa nikachota konzi moja, nikaanza kutafuna. Mama mmoja wa Dar aliyekaa karibu nami akaniuliza kama ile ni mizizi ya dawa. Nikamwambia ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, chakula cha wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba biashara ya nchi hii mabegani. Akaomba, nikampa. Tulikuwa bado tunatafuna rubani aliposema tufunge mikanda, tunashuka Dar. Hata saa mbili hazikutimia. Mfuko nikaushusha nimeushika mkononi, kila mtu auone.

Leo niko Bagamoyo, maji ya bahari yananifika vifundoni, na mfuko bado umejaa. Yule babu wa babu yetu alifika hapa mfuko wake ukiwa mtupu. Basi konzi ya pili nimeila kwa niaba yake, nimesimama, kama mtu aliyetua mzigo sasa hivi.

Uishi sana, mama, uwafungie na wengine mifuko kama huu.

Mwanao,
Shija