Mlio Uliopungua Kasi

Kedungsari, 9 Januari

Mdogo wangu Pras,

Baba mkubwa Sarjo amesema leo mbele ya watu: king'ora ulichotutengenezea kilipiga mlio wa msiba. Tu wazima, ila mama ana kikohozi. Wewe je?

Jana mvua iliposhusha matope ya volkeno ya Merapi mtoni, spika ilipaswa kutoa kentongan, mlio wa gogo, ya harakaharaka, ile ya kutuambia tukimbie. Ikatoa mapigo mazito ya polepole, kama gogo linalopigwa mtu akifa. Majirani wakadhani mama amekufa kwa kikohozi chake. Wakabeba mchele wa rambirambi wakateremka kwake, kando ya mto. Jirani yetu Bu Lastri akamkuta mlangoni: "Kumbe u hai? Mbona unatusumbua?" Bahati, matope yalipita nje ya uzio tu. Nimemleta kwangu juu.

Dada yako, Wening

Surabaya, 10 Januari

Dada Wening,

Nakusalimu kwa heshima. Kikohozi cha mama kinaendeleaje?

Kentongan niliirekodi kwa vipimo vya sauti 44,100 kila sekunde. Kibao kipya cha kompyuta tulichofunga kwenye king'ora Desemba kinavisoma kwa nusu ya kasi hiyo, ndiyo maana mlio ukalegea. Programu iko wazi kwa yeyote. Fundi Danar abadilishe namba hiyo moja tu.

Mdogo wako, Pras

Kedungsari, 12 Januari

Pras,

Hatujambo. Danar amebadilisha. Jana alibonyeza kitufe cha majaribio, kijiji kizima kikatoka mbio, hata baba mkubwa na goti lake bovu. Mama akasema, "Sasa mwanangu ananilinda. Nirudisheni kwa kuku wangu." Nilibishana naye nikashindwa. Amelala kwake.

Dada yako

Surabaya, 13 Januari

Dada,

Salamu baadaye. Mtoe mama huko.

Nimejaribu namba ile hapa, kwenye kibao kama hicho. Mlio ni safi, lakini kasi hiyo inakimaliza kibao nguvu. Hata spika ikiwa kimya kinahesabu sauti tu, hakipati nafasi ya kusikiliza waya wa mtoni, ule ambao matope yakiukata king'ora hulia. Nyinyi mlibonyeza kitufe. Waya hakuna aliyeukata kuujaribu. Matope yakiukata, spika haitasema kitu. Wekeni mtu apige gogo kwa mkono.

Nijibu hata neno moja.

Pras

Surabaya, 14 Januari

Dada Wening,

Redio imesema mvua kubwa inanyesha kileleni mwa Merapi tangu asubuhi. Simu yako haipatikani, ya Danar pia. Ya baba mkubwa inaita tu.

Treni yangu inaondoka kesho saa moja asubuhi, inafika Yogyakarta saa tano. Kutoka hapo nitapanda pikipiki hadi walinzi wa barabara watakaponizuia.

Mdogo wako, Pras