Vidonge vya Mwanakombo

Jumatano, baada ya isha

Wala si kosa la kompyuta. Mchana kutwa nimeilaumu bure.

Leo kliniki walinipima damu, nesi akaingiza majibu kwenye kompyuta yao mpya. Ikasema damu bado nzito, niongezewe dawa ya kuifanya nyepesi. Nesi akaniuliza, “Mama, vidonge unameza kila siku?” Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto.

Ukweli ni kwamba siku moja nameza mimi, siku ya pili nampa Mwanakombo, jirani yangu. Mguu wake umevimba kama ulivyovimba wangu mwaka jana, na hospitali haendi, aogopa sindano. Ningemezaje peke yangu naye yuko pale analia?

Jioni nikampelekea kidonge. Nikamkuta uani anapiga mswaki, anatema mate mekundu.

“Fizi tu hizi, mwenzangu. Leo siku ya nne,” akasema, akanyoosha mkono apokee dawa.

Nikafumba kiganja. Nesi alinionya tangu mwanzo: dawa hii ikizidi, hata fizi hutoka damu. Mimi napimwa kila mwezi. Yeye hajapimwa hata mara moja, na kompyuta ile haina hata jina lake.

Nikamwambia asimeze tena, na kesho asubuhi twende sote kliniki, nikaseme kweli. Nesi atanigombeza, na ana haki.

Mwanakombo alidhani nimechoka kumgawia. “Haya, si neno,” akaniambia. “Ahsante kwa vile vyote ulivyonipa.”