Pigo Lililorudishwa na Mguu Wangu

Mwaitu Kaluki mpendwa,

Nakuomba unisaidie kama mama kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, na tafadhali ukiichapisha barua hii gazetini jina langu usilitaje, majina ya wenzangu nimeyabadilisha yote, ila aibu ni yangu na hiyo sijaibadilisha hata kidogo.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, nyumbani ni upande wa Tala, niko na bibi na watoto watatu, na kazi yangu ni kedi, yaani yule mtu anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji wa gofu na kumwambia upepo unatoka wapi na shimo liko umbali gani, na miaka sita sasa nambebea mtu mmoja tu, nitamwita Musili, mchezaji wa kulipwa, ambaye tulikua naye kijiji kimoja na mama yake alinilisha wakati mama yetu alikuwa mgonjwa, kwa hivyo ukisikia nikisema ni ndugu yangu usifikirie ni maneno tu.

Msimu huu ulikuwa na mashindano kumi, tunazunguka klabu hadi klabu, mara Kiambu mara Pwani mara Bonde la Ufa, na mpango ulikuwa kwamba msimu ukiisha, wachezaji kumi walio juu ndio wanaingia yale mashindano makubwa ambayo watu wa nchi za nje wanakuja kucheza, na huyo wa kumi na moja anarudi nyumbani na mfuko wake kungoja mwaka mwingine. Musili hajawahi kuingia. Miaka mitano amekuwa wa kumi na nne, wa kumi na saba, mwaka mmoja wa kumi na mbili, mpaka watu wa Tala wakaanza kumuuliza kama hiyo gofu iko na mwisho.

Sasa sikiza kilichotokea mwezi wa tatu. Tulikuwa siku ya pili, Musili yuko kwa nyasi za pembeni, akaweka fimbo nyuma ya mpira ili apige, na ule mpira ukasogea kidogo tu, kama upana wa punje ya maharagwe, hakuna mtu aliona, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama hapo na sikuona, lakini Musili akarudi nyuma akainua mkono akaita mwamuzi akajishtaki mwenyewe, akaongezwa pigo moja, na jioni akakosa kupita mchujo wa kucheza siku zilizobaki kwa pigo hilo hilo moja. Mwaitu, nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwambia, "Musili, hata nzi hakuona!" Akaniambia, "Mimi niliona." Akafuta fimbo zake, tukarudi nyumbani bila kitu. Habari ikafika kanisani kwetu na mchungaji akaihubiri, watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga pia, lakini kwa roho nilikuwa nasema huyu mtu ni mjinga na ujinga wake unalala njaa na mimi.

Basi tukafika mashindano ya mwisho, siku ya mwisho, shimo la kumi na saba. Tulikuwa tumehesabu na tukajua nafasi ya kumi iko kati ya Musili na jamaa mwingine wa Matuu, nitamwita Ndunda, ambaye alikuwa ameshamaliza na ameketi anangoja. Musili akapiga, mpira ukaenda kulia ukaingia kwa nyasi ndefu chini ya miti, na wakati wa kutafuta ni dakika tatu pekee, kwa hivyo mimi nikakimbia mbele nikaanza kutafuta na miguu, na kumbe nikaukanyaga. Niliusikia chini ya kiatu. Niliinua mguu nikauona umezama ndani ya nyasi kama yai ndani ya kiota, na hapo akili yangu ikaniambia, umemuua, umemwongezea pigo, mwezi wa tatu alipoteza kwa pigo moja na leo ni wewe unampotezea lingine.

Sasa nataka uelewe kitu kimoja, si kujitetea. Sisi tuliolelewa pembeni ya uwanja wa gofu tukiokota mipira ya watu, tuko na ufundi wa kuchukua mpira na ncha ya mguu bila kuinama, ili mlinzi akikuangalia aone unatembea tu. Tulikuwa tunashindana nani ni bingwa, na bingwa nilikuwa mimi. Tangu niwe mtu mzima sijawahi kufanya hivyo tena. Lakini siku hiyo mguu wangu ulienda wenyewe, ukauinua ule mpira, ukauweka nusu hatua kando, mahali nyasi zilikuwa zimelala, ukakaa vizuri kabisa, na nikaita kwa sauti, "Umepatikana!"

Musili akaja akauangalia. Akaniuliza, "Ulikuwa umekaa hivi?" Nikasema, "Hapo hapo." Akacheka akasema, "Leo Ngai ametukumbuka," akapiga, mpira ukasimama karibu na bendera, na tukamaliza mbele ya Ndunda kwa pigo moja. Moja, Mwaitu. Musili alinikumbatia akalia kwa bega langu na mimi nikawa nimesimama kama mti wa kufungia mbuzi.

Tangu siku hiyo sina amani. Kanisa limeandaa ibada ya shukrani Jumapili hiyo niliyokutajia, mbuzi wanne wameshatolewa, na Mzee Maundu, ambaye ndiye mwenye ratiba, amesema kichwa cha ibada ni "Mungu Alimrudishia Pigo Lake", ati kwa sababu Musili alisema ukweli mwezi wa tatu, Mungu amemlipa mwisho wa msimu, na kwa ratiba ameandika kwamba kedi atatoa ushuhuda kwa dakika kumi. Kila mtu ninayekutana naye ananiambia, "Umeona Mungu?" Mimi najua ni nani alirudisha hilo pigo. Ni mguu wangu wa kushoto.

Na kitu kilichonimaliza ni wiki iliyopita, nimeenda sokoni Tala na nikakutana na Ndunda ana kwa ana, na badala ya kunikwepa alinipa mkono, mikono yote miwili, akaniambia, "Pongezi kedi. Pigo moja ni pigo moja. Mwambie Musili atuwakilishe." Nilimwambia asante. Fikiria, nilimwambia asante! Nilirudi nyumbani bila zile nyanya nilitumwa. Bibi yangu Ndanu ameninunulia shati jeupe la ushuhuda na kila siku analinyoosha upya, juzi aliniwekea muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, nikaushika tu na kijiko, akaniuliza, "Kwani mnapewa nini kwa hiyo gofu inawaharibu tumbo?" Sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote.

Nikisema, nitamwangusha Musili kutoka mahali alipopalilia miaka mitano. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya watoto wangu na shati jeupe niongee uongo mbele za Mungu. Nimefikiria hata nijifanye mgonjwa siku hiyo. Mwaitu, nifanye nini?

Ni mimi,
Kedi nisiyeweza kuangalia watu, Tala

*

MWAITU KALUKI ANAJIBU

Mwanangu kedi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikikuhurumia na mara ya pili nikitafuta kiatu cha kukurushia. Pole, kwanza. Mtu ambaye hana roho hangekosa kula muthokoi wa bibi yake. Hiyo aibu inayokukaba ndiyo kitu kizuri pekee ulichobaki nacho kwa hii hadithi, kwa hivyo usiitafutie dawa ya kuituliza.

Lakini acha kuulaumu huo mguu! Ati mguu ulienda wenyewe. Sawa, tuseme ulienda wenyewe. Na ule mdomo uliosema "hapo hapo" ulitumwa na nani? Musili alikuuliza swali. Alikufungulia mlango mkubwa kabisa, na wewe ukaufunga ukiwa unamwangalia machoni. Hapo ndipo ulipomkosea ndugu yako, si pale kwa nyasi.

Sasa nikuambie kitu kitakachokuuma. Mimi gofu siijui, kwangu ni watu wazima wanaotembea na mizigo bila kufika popote. Kwa hivyo nilimpigia simu bwana mmoja aliyeamua michezo hiyo miaka mingi, nikamweleza bila kutaja mtu. Akaniambia hivi: kedi akikanyaga mpira kwa bahati mbaya wakati wa kuutafuta, hakuna adhabu. Hata pigo moja! Mnaurudisha ulipokuwa, na ulivyokuwa umekaa, mchezaji anapiga. Umenisikia? Ungeinua mkono ukasema, "Musili, nimeukanyaga," hamngepoteza kitu. Ulificha kosa ambalo halikuwa kosa, na kwa kulificha ukafanya kosa lenyewe, maana kuuinua na kuuweka pazuri ndiko kulikokuwa na adhabu. Miaka sita unabeba mfuko wa mtu na sheria ya kazi yako hujaisoma. Aiee!

Nilimuuliza pia kuhusu hiyo nafasi ya kumi. Alisema kwa kuwa Musili hakujua, na mashindano yalishafungwa, huenda matokeo yakabaki vile yalivyo, lakini wa kusema hilo ni kamati, si yeye, si mimi, na si wewe. Usianze kupumua. Maana yake ni kwamba huenda Ndunda asirudishiwe kitu chochote, na wewe utaishi ukijua hivyo, na utakutana naye pale sokoni mpaka mzeeke.

Na usiniambie unanyamaza kwa ajili ya Musili. Huyo mtu alijishtaki kwa kitu ambacho hata nzi hakuona. Unafikiri angependa kula mbuzi wanne juu ya uongo? Unamlinda na kitu ambacho yeye mwenyewe hakiogopi. Anayekiogopa ni wewe, unaogopa asikuite tena. Huenda asikuite. Atakuwa na haki yake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi utafanya hivi, na usingoje Jumapili.

Kesho, ukishamaliza kunywa chai, mwambie Ndanu yote. Yeye ndiye ananyoosha hilo shati, ana haki ya kujua analinyooshea nini. Halafu uende kwa Musili, mchana, kwa miguu yako, peke yako. Si simu, si ujumbe, na usimpitie mchungaji akusemee kama mtoto aliyevunja chungu. Mwambie niliukanyaga, nikausogeza, uliponiuliza nikakudanganya. Ukimaliza hapo, nyamaza. Ole wako uongeze "nilifanya kwa ajili yako", maana hapo utakuwa umemwekea mzigo wako kwa mfuko wake. Akikasirika, kaa ukasirikiwe. Akisema muende kwa kamati, na mimi najua atasema, uende naye na useme wewe, si yeye.

Kisha uende Matuu kwa Ndunda. Usibebe zawadi. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo ndio wewe ulale vizuri. Mwambie tu ukweli na uichukue tena ile asante uliyompa, kwa sababu haikuwa yako kutoa.

Mzee Maundu ataambiwa na Musili kama ibada itakuwepo au la. Wakiamua iendelee, nao wakikutaka bado usimame, simama, na dakika kumi hutahitaji, mbili zinatosha. Lakini hicho kichwa cha ibada kifutwe. Mungu asisingiziwe kazi ya kiatu chako.

Kujifanya mgonjwa, hapana. Ugonjwa ulio nao unatosha.

Nakuonea uchungu, mwanangu, kwa sababu huhitaji mimi wala gazeti kukuonyesha njia. Ulionyeshwa mwezi wa tatu, ukiwa umesimama hatua mbili tu kutoka kwa Musili, na ukakasirika. Mtu mmoja, hakuna aliyemwona, aliinua mkono.

Inua wako.