Sentimita Sita za Kwenda Juu

Jumatatu, 6 oktoba 2025

Leo bameniuliza! Miaka makumi mbili na mbili mu bureau hii ya sondage, ya kutoboa udongo kutafuta shaba, hakuna mutu aliniulizaka nataka nini. Banaleta meza, nakaa. Banaleta ordinateur — kompyuta — nawasha. Leo Mama Fidélie wa service ya achat, mwenye kutununulia vitu, amesimama mbele yangu na karatasi: Tata Ntambwe, uchague écran yako mwenyewe, Ijumaa natuma commande.

Nilijikaza nisicheke kama mutoto. Nilicheka kama mutoto.

Lakini sababu naijua. Mwezi wa munane nilikosea. Kazi yangu ni kuingiza mu ordinateur bile bafundi ba machine ya kutoboa banaandika: kila metre ya shimo, mustari moja — jiwe gani, rangi gani, shaba iko ao hapana. Fiche moja, ile karatasi ya shimo, metre makumi tano. Na écran yangu, kile kioo ninachokodolea macho kutwa nzima, inaonyesha makumi ine na mbili tu. Munane za mwisho zinabaki chini, mupaka uteremushe. Siku ile niliteremusha mubaya. Nikaruka metre mbili. Machine ikarudi upande wa Tenke kutoboa tena pembeni ya shimo lile lile. Bure!

Ingénieur Symphorien, chef wetu, hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu: kosa moja tena, fiche zote zitaandikwa Lubumbashi. Na mi? Nitabaki hapa kufukuza nzi.

Jumanne, 7 oktoba

Karatasi ya Mama Fidélie iko na écran mbili. Ya kwanza pouce 27, ni kusema inchi, pana kama televizio — upana kumi na sita kwa urefu tisa. Bureau nzima inataka hiyo. Kwetu hapa upana wa écran njo cheo! Ya pili pouce 28, upana tatu kwa urefu mbili. Fupi ya mabega, ndefu ya shingo. Hakuna anayeitaka.

Nimekata carton ya sabuni nipate mufano. Pouce 28 ni sentimita 71, basi nikakata upana 71. Mianda, muke wangu, akauliza kama natengeneza mulango ya kuku. Halafu akanionea huruma — aliuzaka televizio miaka saba, yule. Akasema: Baba, écran banapima kona kwa kona!

Mi mwenye kuandika metre za batu maisha yote.

Jumatano, 8 oktoba

Nimekata upya, mbili. Nikazibeba juu ya pikipiki, upepo ukanigeuza kuwa ndege. Nimezipima mbele ya bote. Upana karibu sawa. Urefu: ile pana, 33 na nusu, sawa na hii iko mezani leo. Yangu, 39 na nusu.

Mama Fidélie: — Tata, unapigana juu ya sentimita sita?

— Mama, sentimita sita juu ya meza ni metre munane chini ya udongo.

Akarudia maneno yale polepole. Mi mwenyewe niliyarudia, yalikuwa mazuri sana.

Kabeya, dessinateur wetu, mwenye kuchora ramani, hawezi kunyamaza. Tata, iyo carton inashika chaîne ngapi za televizio? Nikamujibu inashika zote, lakini kila chaîne ni ya sabuni. Akasema basi uchukue ile pana, uisimamishe! Wazo la akili, tukajaribu na écran yake, nayo pana. Metre zote makumi tano zimeingia. Lakini kuume, pale fundi anaandika maneno yake, pamekatwa. Shimo lote liko, fundi amefungwa kinywa.

Ingénieur amepita. Ameangalia carton, ameniangalia. Alisema: bote banachukua pana. Ukijitenga peke yako na ukosee tena, sitakuwa na neno la kukutetea.

Alhamisi, 9 oktoba

Niliandika 27. Nilifuta.

Ijumaa, 10 oktoba

28. Nimetia sahihi. Nikapeleka karatasi mi mwenyewe kwa Mama Fidélie, kama bwana arusi.

Jumatatu, 27 oktoba

Imefika! Kabeya alisimama mbele ya carton yake, mikono wazi: kitu kipya hakifanyi kazi kavu, lazima kukinywea! Desturi ni desturi — nikanunua sucré, soda, kwa bote, Kabeya mbili. Halafu tukawasha.

Metre ya kwanza juu. Metre ya makumi tano chini. Shimo lote, kichwa mupaka miguu, kama mutu amesimama mulangoni. Mama Fidélie amekuja kuangalia mara tatu, na kila mara alikuwa «anapita tu». Mi nilijifanya nafanya kazi. Nilikuwa napanguza kioo.

Jumanne, 28 oktoba

Fiche tisa, kosa hakuna! Kabla ya chakula nikajipa zawadi: kufungua fiche za zamani, kuziona tu zikiwa nzima. Ya mwezi wa saba, shimo la 112. Nzuri. Shaba inaanza 39, inateremuka mupaka 46...

Nikarudia kusoma. Mistari ya 39 mupaka 42, na ya 43 mupaka 46. Neno kwa neno, sawa! Mutu aliandika metre ine mara mbili. Mu écran pana, ukurasa unakatika pa 42; ukiteremusha, unaanza 43. Ine za juu na ine za chini hazionani hata siku moja.

Lakini mwezi wa saba mi nilikuwa congé, nyumbani nikipumzika! Nikaangalia chini kabisa, pa jina la mwandishi. S.K. — Symphorien, Ingénieur mwenyewe.

Nifanye nini? Kunyamaza ni muzuri kwa kazi. Lakini shimo lile banalihesabia shaba ambayo haiko.

Saa nane Ingénieur amekuja, ati kuona huyu mugeni mwenye shingo. Nimeacha fiche wazi, nimesimama. Amekaa mahali pangu. Amesoma akiteremuka na kidole juu ya kioo — kioo nilichopanguza! — na pa 43 kidole kimesimama.

— Tata Ntambwe. Ni nani aliandika hii?

— Jina liko chini, chef. Sasa linaonekana.

Kidole kimeteremuka mupaka S.K.; Kabeya amenisogezea kiti.

Naandika haya pa meza ya Kabeya. Ni saa tisa na nusu. Ingénieur angali mahali pangu, hajageuka. Amefungua fiche ya pili ya mwezi wa saba. Sasa ya tatu. Mama Fidélie amechungulia mulangoni, ameuliza kwa macho, nami nimepandisha mabega. Mungu anisamehe, namuangalia kisogo na kifua changu kimejaa furaha. Amefungua ya ine. Anatafuta makosa yake mwenyewe, mu écran yangu.