Mama Eliza, Daka!

Heru Juu, Jumamosi usiku

Wameniudhi tena leo. Tangu tumzike Eliza wangu, wanawake wenzangu hawaniiti Mama Eliza. Wanasema "wewe dada", au wananyamaza kabisa. Wanadhani jina litaniumiza.

Sasa kwenye netiboli hii, niliyoiacha darasa la saba na ambayo shirika moja la misaada limeturudishia sisi kina mama, asiyeitwa hapewi mpira. Kila Jumamosi nasimama tu na raba mpya walizotupa, kama nguzo ya goli. Nyumbani nasimama hivyo hivyo mbele ya sufuria. Silii. Sijui hata kama nina huzuni.

Leo jirani yangu, Mama Joziane, alibanwa na wapinzani wawili, akasahau.

"Mama Eliza, daka!"

Akaziba mdomo, lakini mpira ulikuwa umeshamtoka. Nikaudaka.

"Nisamehe, dada."

"Cheza," nikamwambia.

Viganja vinaniwaka hadi sasa. Ndicho kitu cha kwanza ninachokisikia mwilini tangu msibani.

Kesho kanisani nitamwambia aniite tena, hata kama hakuna mpira.